Gambuti Yangu na Usawa wa Bahari

Sisi watu wa Chepseon, tuliozaliwa kando ya barabara itokayo Nakuru kwenda Kericho, hufunzwa mapema mambo mawili kuhusu maji: kwamba mvua hunyesha alasiri, na kwamba mto ukishapita umepita. Mto wetu Kipchorian huteremka magharibi hadi Nyando, na Nyando hadi Ziwa Viktoria, wala sijapata kusikia kwamba maji yake yalibadili nia katikati ya safari yakarudi Kipkelion kutafuta kitu yalichokisahau. Juu ya msingi huo wa elimu, ambao niliudhani imara, ndipo nilipoijenga, mwezi wa Agosti mwaka 1971, fedheha kubwa kuliko zote za utoto wangu.

Nilikuwa na umri wa miaka 9. Mjomba wangu, aliyekuwa akibeba masanduku katika ghala moja la chai huko Shimanzi, alikuja nyumbani kwa likizo na kuondoka nami. Mama, ambaye hakupata kuona mahali ambapo Agosti si mwezi wa baridi, alinivika sweta mbili za sufu na gambuti mpya nyeusi, zilizonunuliwa kubwa makusudi ili zinisubiri nikue, akaniapisha nisizivue njiani. Garimoshi la usiku kutoka Nairobi lilipokaribia Mariakani, nilivua sweta ya kwanza. Lilipoingia stesheni ya Mombasa, nilivua ya pili. Lakini gambuti, kwa sababu ya kiapo, zilibaki miguuni, na kila hatua niliyopiga juu ya lami ya Mombasa zilitoa mlio wa mtu anywaye uji kwa pupa.

Jumapili iliyofuata, Mjomba alinipeleka kupunga upepo katika Barabara ya Mama Ngina, ambayo enzi za ukoloni ikiitwa Azania Drive. Nadhani walioipa jina hilo la kale walipaona mahali pale kuwa pakamilifu kwa mujibu wa mila zao, kwa kuwa Mwingereza, kama nilivyokuja kujifunza baadaye, huhesabu kutembea kando ya bahari pasipo kuigusa kuwa ni tafrija timamu. Huku mibuyu mikongwe, huku bahari, na katikati halaiki ya watu waliovaa nguo zao nzuri, wakitembea polepole kama wasio na deni. Hewa ilinukia muhogo uliochomwa juu ya makaa, ukapasuliwa na kupakwa pilipili na ndimu.

Balaa ya kwanza ilikuwa ya uzalendo. Meli hupita karibu sana na mahali pale ziingiapo na zitokapo Kilindini, hata ukadhani ungeweza kumpa baharia mkono. Mjomba alikuwa amenieleza kwamba mnada wa chai ulihamishwa kutoka Nairobi kuja Mombasa mwaka 1969, na kwamba majani tuyachumayo kwetu, mawili na chipukizi, hupandia meli hapo kwenda ng'ambo. Basi nilipoiona meli kubwa ikipita, nilisimama wima juu ya ukuta, nikapiga saluti, nikapaza sauti: "Kwaheri, chai yetu!" Watu wakageuka. Mjomba akanivuta suruali taratibu akaninong'oneza, "Shuka, mpwa wangu. Hiyo yaingia."

Balaa ya pili ililetwa na kunguru, wale weusi wenye shingo ya kijivu, ambao wazee wao waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wazoe taka, na tangu hapo wakakata shauri kwamba kila kilichomo mkononi mwa mtoto ni taka. Muhogo wangu ulikwenda zake hewani kabla sijauonja. Pilipili pekee ndiyo iliyobaki, kidoleni, na kwa kidole hicho hicho nikafuta machozi.

Ili nijitulize, niliteremka hadi kwenye mawe ya matumbawe chini ya ukuta. Zilikuwa siku za bamvua, mwezi umetoka kupevuka, na kama saa nne za asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mbali. Mimi niliona bahari imekwisha pita, kama mto, na nikaihurumia Mombasa. Kiapo changu, kwa fasiri niliyoitunga palepale, kilihusu njia, na mawe si njia. Kwa hiyo nikavua gambuti, nikazipanga pamoja ndani ya shimo kavu la jiwe, nikaenda kulala chini ya mbuyu kwa moyo mweupe.

Nilipozinduka, shimo halikuwapo, mawe hayakuwapo, na palipokuwa pakavu palikuwa na bahari iliyorejea kwa kimo cha watu wawili. Mvulana mmoja aliyekuwa akiogelea aliniokolea gambuti ya kulia. Ya kushoto ilikuwa tayari safarini, imesimama wima juu ya mawimbi, ikielekea Likoni bila haraka, na sina shaka ilivuka bure, kwa kuwa pale kivukoni mwenda kwa miguu halipi.

Mzee mmoja wa kanzu na kofia ya viua, aliyekuwa ameketi ukutani akitazama yote, alipokea shikamoo yangu kwa marahaba ndefu. Nilimweleza, huku nikilia, kwamba mwalimu alitufunza maji yakimwagika hayazoleki. "Kweli, mjukuu wangu," akasema, "lakini hayo ni ya mtungi. Haya hayajamwagika: yaenda yarudi, mara mbili kutwa na kucha."

Shule zilipofunguliwa, mwalimu alitukumbusha kwamba kwetu ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Niliinua mkono nikauliza: bahari ipi, ya asubuhi au ya alasiri? Swali lile lilinipatia adhabu ya kufagia darasa juma zima, na nilifagia nikijua kwamba mimi peke yangu, katika darasa lile, ndiye niliyegharamia elimu hiyo kwa kiatu.

Ama Mama, hakunipiga. Alisikiliza kisa chote: saluti, kunguru, bamvua, na hasa ushahidi wa yule mzee, ambao niliurudia neno kwa neno kwa ajili ya utetezi wangu. Kisha akaichukua gambuti ya kulia, akaipangusa chumvi, akaitundika kwenye msumari karibu na mlango.

"Ikiwa maji yale hurudi mara mbili kutwa na kucha," akasema, "basi tutaingoja ya kushoto."

Nilikwenda shuleni miguu mitupu hadi Krismasi.