Ploti Moja, Machifu Wawili

Ofisi ya mahesabu, ghorofani, mtaa wa Bondeni, Nakuru. Jioni. Watu wameshashuka kutafuta matatu za Lanet na Njoro. Stima ilipotea, sasa imerudi, na vyombo vinaamka kimoja kimoja. Vyombo vya ofisi, kama wafanyakazi wake, husema ukweli bosi akishaondoka.

WINDOWS: Anwani! Kuna anayegawa anwani humu? (Kimya.) Haya, najikatia mwenyewe. 169.254...

MAMA PRINTA: Umeanza uskwota tena.

WINDOWS: Nifanyeje, mama? Nimeita, hakuna aliyeitika. Sheria inaniruhusu kujikatia kipande huko kwenye 169.254, ila ni ploti isiyo na njia ya kutokea. Nitakaa hapa nikiita kila baada ya dakika tano.

MZEE RUTA (taa zake zikipepesa): Subiri, kijana, navaa viatu. Wewe na hiyo diski yako mpya unaamka mara moja, mimi nahitaji dakika mbili. Mnaamka kabla ya chifu, halafu mnapiga kelele kwamba serikali haipo.

MAMA PRINTA: Na ukishavaa, Mzee, usimpe mtu ploti yangu. 192.168.1.50. Fundi wa kwanza aliniandikia kwa mkono.

MZEE RUTA: Fundi huyo alikuandikia wewe, hakuniambia mimi. Nimeachiwa kugawa kuanzia 2 hadi 254, na hamsini yako imo katikati. Tena daftari langu ni la kichwani, stima ikikatika linafutika. Agosti 25, 2023, nchi nzima ilipozama gizani, niliamka sikumbuki nani nilimpa nini.

WINDOWS: Ndiyo siku uliyonipa nyumba ya mama. Bahati nilipiga hodi kwanza. Nikamsikia akiitika humo ndani, nikakurudishia karatasi yako.

MZEE RUTA: Nikakupa nyingine. Hilo ni kosa la karani, linarekebishika. Kinachonitesa ni hiki cha siku hizi. Kila asubuhi saa mbili, wafanyakazi wakiwasha mashine, nusu yenu mna anwani nisizozijua kabisa. 192.168.0 na kitu. Mimi sijawahi kugawa huko. Kwangu ni 192.168.1, hata mtoto anajua.

LINUX: Mimi nimeyaandika yote.

WINDOWS: Hebu nyamaza. Kabla hujaletwa hapa na yule kijana wa atachimenti, mtandao ulikuwa mzima. Fundi mwenyewe amesema mashine ya Linux haielewani na wenzake.

LINUX: Tunasema lugha moja, ndugu yangu. Waraka wa kugawa anwani, RFC 2131, Machi 1997, ulioandikwa na Ralph Droms, unanifunga mimi, unakufunga wewe, unaifunga hata Mac ya mkaguzi. Mteja anapaza sauti: ni nani ana anwani? Mgawaji anajibu: chukua hii. Mteja: haya, naomba hiyo. Mgawaji: imepita, ni yako mpaka saa fulani. Maneno manne.

MZEE RUTA: Kwangu ni saa ishirini na nne. Wawekezaji wa ng'ambo hukodishiwa ardhi ya nchi hii hadi miaka 99, nyie mnalalamikia siku moja.

LINUX: Lakini waraka huo hausemi anayepaza sauti atajibiwa na mmoja tu. Wakijibu wawili, wengi wetu tunamchukua wa kwanza kusikika. Hatumuulizi kitambulisho.

MAMA PRINTA: Wawili?

LINUX: Soma daftari langu. Jumatatu, saa mbili asubuhi: nimepewa na 192.168.0.1. Jumatatu, saa nne na nusu: nimepewa na 192.168.1.1, huyu Mzee wetu. Jumanne, saa mbili: nimeomba anwani yangu ya jana, 192.168.0.1 akanijibu haramu, hiyo si ya kijiji hiki, anza upya. Jumanne, saa nne na nusu: nimepewa na Mzee tena. Yote yamo humu kwa saa na sekunde.

MAMA PRINTA: Na mwaka mzima hukusema?

LINUX: Nimeandika, mama. Tume ya Ndung'u nayo iliandika, 2004, ploti za umma na walizopewa. Kusoma si kazi ya mwandishi.

WINDOWS: Ngoja. Hata mimi nina mstari wa aina hiyo, unaomtaja aliyenipa anwani. Fundi akiandika ile amri ya ipconfig na kuongeza neno all, unatokea. Huwa anaandika amri tupu, anatazama, anasema mmh, kisha ananizima na kuniwasha.

MZEE RUTA: Swichi, nyaya zote zinapita kwako. Huyu 192.168.0.1 anakaa wapi?

SWICHI: Mlango wa saba, Mzee. Chumba cha bosi.

(Kimya kirefu kuliko kile cha stima.)

MZEE RUTA: Na ukawa unampitishia majibu yake?

SWICHI: Ndugu zangu wa bei hukagua: jibu la kugawa anwani likitoka mlango usioaminiwa, linatupwa palepale. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa rahisi. Napitisha kila kitu, hata uongo. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 1, 2021. Mimi bado ni wa manispaa.

RUTA MDOGO (kutoka chumba cha bosi, kwa sauti ya mtu aliyeoga): Hamjambo huko nje? Nasikia natajwa.

MZEE RUTA: Wewe ni nani, na nani alikupa mhuri?

RUTA MDOGO: Mimi na wewe tulitoka kiwandani na mhuri mfukoni, Mzee. Bosi alininunua aongeze nguvu ya Wi-Fi chumbani mwake. Nina tundu moja la kupokea mtandao, rangi yake peke yake, na manne ya kuutoa, yanayofanana. Waya ungeingia kwenye lile moja, nisingemgusa mtu. Aliyenichomeka akaona manne, akaenda na wengi.

WINDOWS: Kwa hiyo anwani unazogawa...

RUTA MDOGO: Safi kabisa. Ila barabara zake zinaishia kwangu, na kwangu hakuna intaneti.

MAMA PRINTA: Na bosi hajaona?

RUTA MDOGO: Bosi hutumia bando la simu.

LINUX: Lakini saa nne na nusu huwa unanyamaza. Daftari linaonyesha hivyo kila siku.

RUTA MDOGO: Saa nne dada wa chai ananichomoa achomeke birika. Soketi ni moja chumba kizima.

WINDOWS: Ndiyo maana! Wanaofika saa mbili kamili wanahangaika mpaka jioni, wanaochelewa wakawasha mashine wakati wa chai wana mtandao siku nzima. Juzi mhasibu mkuu aliandikiwa barua kwa uvivu, na ndiye anayefungua mlango.

MZEE RUTA: Na fundi akiitwa huja saa nne, akute chai. Anawazima na kuwawasha, mimi peke yangu niko hewani, mnapata anwani zangu. Anakunja mfuko, analipwa. Miezi hii yote amekuwa akilipwa kazi ya birika.

Kesho yake, saa nne. Fundi amefika na kunywa chai, ametoa hukumu: tatizo ni Linux. Mashine imefutwa, daftari na kila kilichomo, ikawekwa Windows. Zote zimezimwa, zimewashwa, zinafanya kazi. Bosi amefurahi sana. Na kwa kuwa ni mtu anayejali wafanyakazi, amemkabidhi dada wa chai kebo mpya ya kuongezea soketi, yenye matundu manne, ili asichomoe tena kitu cha mtu.

SWICHI: Mlango wa saba umewaka, Mzee.

MZEE RUTA: Birika limechemka tayari?

SWICHI: Linachemka bado.

RUTA MDOGO: Habari za kazi, wananchi. Nani hajapata ploti?