Hekima ya Kutorudi Ngamiani

Wanaomlaumu mzaliwa wa Ngamiani, mtaa wa Tanga, aliyehamia Marekani asirudi hawajaitafakari vya kutosha busara ya nchi yake, kwani Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humvua mtu mzima uraia wa Tanzania pale anapochukua kwa hiari uraia wa kwingine, na kwa hivyo humpunguzia mizigo ya safari. Akishika pasipoti ya Marekani hulipa dola 100 za viza, yaani ruhusa ya kuingia nchini, ili aje kumzika mama yake, jambo linaloupa msiba hadhi ya utalii. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo ilitamka kuwa asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na kilio, kwa bahati mbaya, si mradi. Mkonge ulijaliwa zaidi: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida, na miche 62 iliyonusurika ikapewa ardhi Kikogwe, karibu na Pangani, bila kudaiwa pasipoti, na leo ndio mwenyeji wa Tanga.

Jamaa nao ni wakarimu. Shemeji anayesimamia ujenzi wa nyumba ya aliye ughaibuni humtumia kila mwezi picha ya mifuko ileile ya saruji, ili asisumbuliwe na mabadiliko, na nyumba imebaki kwenye linta kwa uaminifu ambao ndoa nyingi hazina. Kurudi ghafla kungekuwa utovu wa adabu, hasa kwa kuwa shemeji keshahamia nyumba yake mwenyewe, yenye bati jipya.