Jino Limezibwa, Sasa Deka

Umetoka kwa daktari wa meno. Nusu ya mdomo huisikii, kidevu kimekufa ganzi, na mfukoni una karatasi ya dawa. Gego lako limetobolewa, kiini kilichooza kimetolewa, njia za mizizi zimekwanguliwa, zimeoshwa na kuzibwa. Hapa ndipo wengi wanapojiharibia: wanajitia ushujaa. Wanarudi kazini na shavu zito ili waonekane watu wa shoka. Wewe usithubutu. Kwa siku mbili tatu una ruhusa ya kutofanya lolote, na mwili wako unaitaka ruhusa hiyo kweli. Fuata hatua hizi, utapona bila kuosha sufuria hata moja.

1. Piga simu kabla ganzi haijaisha

Ganzi ya mdomo hukaa saa mbili hadi nne, na ya taya la chini inaweza kuzidi hapo. Huo ndio muda ambao sauti yako inatia huruma kuliko wakati mwingine wowote. Herufi p, b na m zitakushinda, maneno yatatoka yamelegea, na kila atakayekusikia atajua umepitia jambo zito. Usiupoteze muda huo. Ukiwa ndani ya bajaji (daladala iache leo, shavu lako halihitaji kiwiko cha mtu), mpigie mtu wa nyumbani mwenye huruma kuliko wote. Mwenye akili kuliko wote atakuuliza maswali. Mwenye huruma atatandika kitanda.

Sema machache tu: "Nimetoka. Nakuja kulala." Kata simu.

Ganzi ikiwa bado imeshika, usitafune chochote na usiguse chai ya moto. Utajiuma ulimi au utajichubua shavu kwa ndani bila kujua, na jioni utakuwa na vidonda viwili badala ya kimoja. Kama sindano ilipoingia moyo ulidunda mbio, hiyo ni adrenalini iliyochanganywa kwenye dawa ya ganzi, na hupita baada ya dakika chache. Bibi usimwambie habari ya moyo, atakuita mgonjwa wa presha mpaka mwakani.

2. Yawahi maumivu

Hii ndiyo njia ya mkato iliyo bora kuliko zote, na wengi hawaijui. Watu hungoja ganzi iishe, maumivu yapande, walalamike kwanza, ndipo waulize vidonge viko wapi. Maumivu yakishapanda, kuyashusha ni kazi. Meza dawa wakati bado husikii kitu.

Kwa mtu mzima asiye na matatizo mengine, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na paracetamol miligramu 1000, yaani vidonge viwili vya 500, hutuliza jino kuliko dawa moja peke yake. Mbili hizi hufanya kazi kwa njia tofauti, ndiyo maana zinaruhusiwa kumezwa pamoja. Paracetamol usizidishe vidonge vinane vya 500 kwa saa 24. Ibuprofeni usizidishe miligramu 1200 kwa siku bila daktari kukuambia, na usiimeze tumbo likiwa tupu; glasi ya mtindi inatosha. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa za aina hiyo, mjamzito, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, aiache ibuprofeni na amuulize daktari wake.

Sasa uvivu mwingine mzuri: usiende dukani kuongeza dawa. Diklofenaki ni ndugu wa ibuprofeni; ukizimeza zote mbili unaliumiza tumbo bila faida. Amoksilini aliyoibakiza jirani haitulizi maumivu, na kama daktari hakukuandikia, huihitaji. Aspirini iliyopondwa na kubandikwa kwenye fizi huiunguza fizi. Ukikaa kitandani bila kugusa lolote kati ya hayo, tayari umewashinda nusu ya wagonjwa wa mtaani kwako.

3. Kusanya mito

Ukilala kichwa kikiwa chini, damu hujaa kichwani na jino huanza kupwita, tena usiku wa manane wakati hakuna wa kukuonea huruma. Inua kichwa kwa mito miwili au mitatu. Kama mito yako haitoshi, chukua ya wengine. Una sababu ya kitabibu, na hakuna atakayebishana na mtu aliyeshika shavu.

Shavu likivimba kidogo, funga barafu kwenye kipande cha kanga, bandika kwa dakika kumi na tano, pumzisha, rudia. Siku inayofuata sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja. Meno yapigwe mswaki kama kawaida, taratibu upande wenye jino hilo. Hilo la mswaki huwezi kumtuma mtu.

4. Agiza chakula, usipokee tu

Hapa pana utajiri, usiharakishe. Mgonjwa wa jino akikaa kimya huletewa uji mweupe usio na kitu siku tatu mfululizo. Mgonjwa anayejua haki yake huagiza.

Anza na mtori. Chakula hiki cha Uchagani hupikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua ili arudishe nguvu, kwa hiyo ukikitaja tu, nyumba nzima inaelewa uzito wa hali yako. Ndizi mbichi humenywa, zikachemshwa na nyama mpaka zikalainika kabisa, kisha zikapondwa ndani ya supu ile ile mpaka mwiko ukipita unaacha njia ambayo haizibiki upesi. Omba nyama yako ichambuliwe mfupa na ipondwe humo humo. Omba uletewe kikiwa cha vuguvugu. Jino lenyewe halisikii tena moto wala baridi, maana mshipa haumo, lakini fizi na meno ya jirani yanasikia vizuri sana.

Kwa Wapwani, taja uji wa mchele wenye tui na hiliki, au samaki wa kupaza aliyetolewa miiba, mchuzi mzito, wali ulioiva mpaka ukalegea. Parachichi na mayai ya kuvuruga vinakufaa. Ugali laini kwa mlenda ni chakula kilichobuniwa kwa ajili yako. Mlenda unateremka bila kuomba msaada wa jino lolote. Tafuna upande wa pili tu, hata siku utakapojiona umepona.

Mahindi ya kuchoma, bisi, karanga, kashata, muwa, mbegu za ubuyu na mifupa ya kuku havikuhusu mpaka jino lifungwe kabisa. Mgeni akikuletea karanga, zipokee, mshukuru, zifungie kabatini. Bia na sigara navyo vikae mbali, hasa bia na vidonge siku moja.

5. Uwe na hadithi

Wageni watakuja, na watu hawadumu kumhurumia mtu asiye na la kusimulia. Atakuwepo mmoja wa kukukosoa: "Pole, shemeji. Lakini si walishatoa mshipa? Sasa kinachouma ni nini?"

Usibabaike. Jibu: "Asante, shem. Mshipa wa ndani wameutoa. Kinachouma ni nyama nyembamba iliyozunguka mzizi, ile inayolishikilia jino kwenye mfupa. Imechokozwa, na nikiuma inabanwa." Ni kweli tupu, na huisha yenyewe ndani ya siku chache.

Kisha endelea kabla hajapumua. Mwambie idadi ya njia zilizosafishwa. Kabla ya kuondoka kliniki muulize daktari zilikuwa ngapi, kwa sababu hesabu huleta heshima. Gego kubwa la kwanza la juu kwa kawaida lina mizizi mitatu, na mara nyingi njia nne, ya nne ikiwa nyembamba kiasi kwamba daktari huitafuta kwa hadubini au kwa subira kubwa. Mwenye njia nne asiseme tatu.

Halafu waambie kilichojazwa humo. Ni gutapecha, utomvu wa mti wa misitu ya Malaysia na nchi za jirani zake. Ukipashwa moto hulainika, ukipoa hushika umbo ulilopewa, na ndiyo maana daktari anaweza kuushindilia mpaka karibu na ncha ya mzizi. Utomvu huo huo ndio uliofunika nyaya za telegrafu za chini ya bahari katika karne ya 19, kwa sababu maji ya chumvi hayauozeshi. Waya uliounganisha Aden na Zanzibar mwaka 1879 ulilazwa baharini katika enzi hiyo. Gusa shavu polepole unapolisema hili. Kilichokuwa kikilinda salamu za masultani na wafanyabiashara sasa kimo mdomoni mwako.

Na ile harufu ya karafuu uliyotoka nayo kliniki? Dawa nyingi za kuzibia jino kwa muda huchanganywa na yujenoli, ambayo ndiyo roho ya mafuta ya karafuu. Kwenye mazungumzo kama haya asikosekane Mpemba, maana karafuu nyingi za Zanzibar hutoka kwao. Mwachie aendelee yeye, nawe ufumbe macho upumzike.

6. Jua mahali pa kuacha kuigiza

Kudeka kuna mpaka, na mpaka huu ushike kwa makini. Uvimbe ukizidi kukua badala ya kupungua, homa ikipanda, mdomo ukikataa kufunguka, ukapata shida ya kumeza au ya kupumua, acha yote na uende hospitali usiku huo huo. Usingoje asubuhi, usisukutue, usiulize jirani.

Kuna jambo jingine dogo linalowatesa watu bure. Ukifunga mdomo, jino lile likagusana na la taya la pili kabla ya mengine, basi kizibo kimezidi urefu. Rudi kliniki. Kukipunguza ni kazi ya dakika chache, na maumivu ya wiki nzima yanaweza kuishia hapo.

7. Siku maumivu yatakapoisha

Siku hiyo ndiyo ya hatari. Utaamka, utabonyeza jino kwa ulimi, hutasikia kitu, na utasema moyoni: nimepona, ya nini kurudi? Meno mengi yaliyotibiwa vizuri hupotea kwa sababu ya asubuhi hiyo.

Kama umewekewa kizibo cha muda, kimetengenezwa kudumu wiki chache. Baadaye huanza kuvujisha mate, vijidudu hurudi ndani, na kazi yote iliyofanywa huanza upya, safari hii ikiwa ngumu zaidi. Gego nalo likishatobolewa hubaki na kuta nyembamba. Siku moja litapasuka kwa kipande cha mkate, na likipasuka mpaka kwenye mzizi halina dawa ila kung'olewa. Ndiyo maana magego mengi huvalishwa kofia. Ifikirie kofia hiyo kama pambo lako. Ipo ya rangi ya jino, na ipo ya dhahabu, ambayo huku Pwani imewapendezesha bibi wengi walipocheka.

Najua utavutwa kuahirisha, kwa hiyo usijitegemee. Chukua tarehe ya kurudi ukiwa bado kliniki, na ukifika nyumbani mpe shangazi tarehe hiyo, mbele ya wageni, kwa sauti. Yule shangazi anayekumbuka nani hakuja msibani mwaka gani. Asubuhi ya siku yenyewe atakupigia simu kabla hujaamka kukuuliza umevaa nini na kama umeshatoka, na hutakuwa na uso wa kumwambia hapana.