YAH: Ombi la kuazimwa mshika mwavuli mmoja

Kwa Waheshimiwa mnaopanga misafara,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wa Kasulu na Kibondo hatujambo. Vumbi lenu limeshatulia.

Misafara tumeizoea. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, Nduta ikafunguliwa tena 2015, na wageni wa kambi hizo wamepita hapa na bendera za kila rangi. Ila msafara wenu ndio unaotufungia barabara. Trafiki ananyoosha mkono, nasi tunaanikwa juani na magunia ya maharage, pamoja na wanafunzi waliotolewa darasani kuja kupunga. Kisha ving'ora, mashangingi yasiyokwisha, vioo vyeusi. Mheshimiwa ni mmoja tu humo.

Hatuombi mpunguze magari. Tunaomba mtuazime yule kijana wa suti anayeshika mwavuli. Tumemtazama sana. Wingu likikohoa tu, keshaufungua. Hutembea nusu hatua nyuma, yeye akilowa bega, bosi mkavu. Huyo ndiye wetu! Asubuhi awafunike mama wauza ndizi. Mchana ampeleke mjamzito zahanati, amfungulie mlango, amvutie kiti, amnong'oneze jina la muuguzi kabla hawajasalimiana. Jioni asimame nyuma ya mzee yeyote mwenye kero, aandike daftarini kila neno kana kwamba litafanyiwa kazi. Posho yake maharage, na asali ya Kibondo siku za sikukuu.

Mengine madogo. Boza linalomwagia njia maji siku ya ugeni lirudi na keshoye. Mbuzi wa kitoweo achangiwe na wanaomla.

Ila mjamzito huyo akishikwa na uchungu juu ya bodaboda, na njia imefungwa, ajifungulie wapi? Mtaroni? Mnapita dakika chache, sisi tumezuiwa tangu asubuhi kwenye barabara ya kodi zetu, na hakuna hata mmoja wenu anayeshusha kioo kuomba radhi. Hamna haya!

Samahani, kalamu imeteleza. Mtakumbuka sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015 zilifutwa, shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge–Morocco, Dar es Salaam. Msafara hatuthubutu kuomba ufutwe. Kijana tu, na mwavuli aje nao.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Tuliosimamishwa kando ya barabara, Kasulu na Kibondo.

Nakala: Mheshimiwa, asomewe na anayemshikia miwani.