Heko kwa wazee wa baraza

Wanaoubeza utaratibu wa wazee wa baraza katika Mahakama Kuu ya Tanzania hawana shukrani. Kule Uingereza raia 12 wakisema mshtakiwa hana hatia, jaji hana budi kumwachia. Makubwa! Sisi ni waungwana zaidi. Jaji akiona haja ya kumwita (tangu 2022 si lazima tena), mzee anaacha shamba lake, anavaa koti la sikukuu, anasikiliza kesi ya mauaji hadi ripoti ya daktari, kisha anaombwa maoni yake. Jaji hafungwi nayo. Ni heshima ya bi harusi anayeulizwa kama ameridhia, mahari ikiwa imeshaliwa.

Na msidhani maoni hayo ni ya mapambo. Kesi kadhaa zimefutwa na Mahakama ya Rufani kwa sababu jaji hakuwafafanulia wazee hoja muhimu za kisheria, au aliwaacha wamhoji shahidi kama mawakili. Kuwapuuza ruksa, kuwapuuza bila kufuata utaratibu, haramu.

Kenya waliwaondoa wazee wa baraza mwaka 2007. Poleni, majirani: sasa mnalazimika kuyapuuza maoni ya wananchi bila hata kuyauliza.