Cicero Yupi?

Marehemu asiye na watoto hakosi wadai urithi. Kilatini hakina mtoto anayekinyonya kwa mama yake tangu zamani mno, lakini thubutu kukitamka vibaya mbele ya wanaokijua! Mwite Cicero kwa sauti ya kanisani, "Chichero", na mwalimu wa chuo atakukata kauli: "Kikero." Waingereza wamezoea "Sisero", Wajerumani "Tsitsero". Mwenyewe, msemaji mashuhuri wa Roma aliyeuawa mwaka 43 kabla ya Kristo, hajalalamika.

Mwaka 1528 mwanazuoni Erasmus alichapisha kitabu kuhusu matamshi sahihi, na humo akasimulia mabalozi waliohutubia mbele ya Kaizari Maximilian. Mfaransa alisoma Kilatini chake, wapo waliodhani ni Kifaransa. Wakafuata wengine, kila mmoja na Kilatini cha kwao, ukumbi ukavunjika mbavu. Waliocheka nao walikuwa na lafudhi zao, ila lafudhi ya mtu huwa haimfikii masikioni mwake.

Mwaka 1912 Papa Pius X alimwandikia Askofu Mkuu wa Bourges akihimiza matamshi ya Kirumi, yale ya "Chichero", maana makanisani Ufaransa Kilatini kilisomwa kana kwamba mshairi Vergilius alizaliwa Paris. Wataalamu wa vyuo hawakusalimu amri. Wao ushahidi wao wanautoa mbali, hata kwenye makosa ya tahajia yaliyokwaruzwa kutani katika mji wa kale wa Pompeii. Yaani yule aliyefeli imla kabla volkano haijamfukia, leo ndiye shahidi wa kutufundisha kusema sawasawa.