Video ya Harusi na Pindo la Kanga

Shangazi alitoka Karonga alfajiri, akavuka mto Songwe pale Kasumulu, akafika kwetu Ipinda jua likiwa halijapanda sana. Harusi ya mdogo wangu ilimpita akiwa mgonjwa. Sasa video imeletwa, na hakutaka kusimuliwa tena.

Wali ukaiva, mbasa kutoka Matema wakaungwa, watu wakajaa sebuleni. Flashi ikachomekwa kwenye televisheni. Televisheni ikaandika kwamba haiwezi kulicheza faili hilo. Tukahamia kwenye laptopu: kwaya inaimba, vigelegele vinasikika vizuri kabisa, kioo cheusi.

"Hiyo ni virusi," akasema shemeji. "Tuifomati tu."

Mama akainuka. "Hapana, baba. Humu ndani hakifutwi kitu." Akaichomoa flashi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Mama alikuwa sahihi, na natamani kila nyumba ingekuwa na mtu wa kusema hivyo. Sauti ikisikika, faili mara nyingi ni zima. Kilichokosekana ni uwezo wa kusoma picha. Faili letu lilikuwa la MP4, na MP4 ni kasha tu. Picha zilizomo hubanwa kwa kodeki, na mpiga video wetu alitumia H.265, iliyopitishwa mwaka 2013. Televisheni yetu inaijua H.264 ya mwaka 2003, basi.

Nikamwomba mama flashi, nikanakili faili kwenye laptopu, flashi ikarudi kwenye pindo. Nikaweka VLC, programu ya bure iliyotokana na kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, ambayo huja na kodeki zake yenyewe. Picha ikatokea! Sebule nzima ikashangilia. Lakini H.265 inadai nguvu nyingi, na laptopu ile ni ya zamani. Bibi harusi akainua kipande cha keki kumlisha mumewe. Picha ikaganda keki ikiwa njiani, kwaya imeshafika ubeti mwingine.

"Sirudi Karonga sijaona," akasema shangazi, akaomba mkeka.

Usiku nikaiachia programu ya HandBrake ibadilishe video iwe H.264. Mvua za Kyela mwezi wa nne mnazijua. Ikashuka, umeme ukakatika, betri ikaisha kazi ikiwa katikati. Asubuhi faili jipya likagoma kufunguka: katika MP4, faharasa inayoeleza kila picha iko wapi kwa kawaida huandikwa mwishoni kabisa, na mwisho haukufikiwa. Lile la asili halikuguswa, kwa hiyo umeme uliporudi tukaanza upya.

Safari hii kazi ikakamilika, ila H.264 hula nafasi karibu mara mbili kwa picha ya ubora uleule. Faili likavuka GB 4, na flashi, ingawa ilikuwa na nafasi tele, ikalikataa. Imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja lenye ukubwa huo. Shemeji akapata wazo zuri kuliko yangu yote: akakimbia kwa jirani mwenye kibanda umiza kuazima waya wa HDMI. Tukaunganisha laptopu na televisheni moja kwa moja, flashi haikuhitajika tena.

Wakaona harusi yote. Mama alipoingia ukumbini akicheza, shangazi alisimama, akapiga kigelegele cha peke yake, akasema, "Rudisha hapo." Tukarudisha. Akataka tena.

Wakati wa kuondoka akaomba nakala yake. Mpwa wangu akachomeka flashi kwenye simu ya shangazi kwa kiunganishi kidogo, akahamisha lile faili la kwanza, lililogoma kote. Likafunguka papo hapo, picha laini kabisa, kwa sababu simu ile ina chipu inayosoma H.265. Shangazi akakaa barazani na simu yake, akaanza upya tangu kanisani, na aliyekuja kumuaga aliketishwa kwanza atazame.